Gozi, gundi, spiriti na mkanda: nini ununue kwa matundu ya laparoskopi, nini ukiache dukani

Aliyetolewa kifuko cha nyongo kwa laparoskopi, yaani upasuaji wa kamera unaopitia matundu madogo, hutoka wodini na matundu manne. Moja liko kitovuni au pembeni mwake, la milimita 10 hadi 12. La pili liko chini ya chembe cha moyo. Mawili ya mwisho, mara nyingi ya milimita 5 kila moja, yako ubavu wa kulia. Wa kidole tumbo huwa na matatu. Kisha huvuka barabara hadi famasi inayotazamana na geti la hospitali na kurudi na mfuko: spiriti, ayodini, pamba, hidrojeni peroksaidi, krimu ya antibiotiki, mkanda wa tumbo, na nyumbani atakuta chupa ya asali aliyoletewa na shangazi. Nusu ya mfuko huo haina kazi, na vitu viwili vitatu humo ndani ndivyo vinavyoharibu kidonda kilichokuwa kinapona chenyewe.

Tunavipitia hapa kwa kigezo kimoja: je, kinasaidia tundu la troka lifunge, au kinamtuliza tu moyo aliyekinunua? Troka ni lile bomba ambalo daktari hupitishia kamera na vyombo vyake. Tundu lake halifanani na mkato wa kisu. Juu ni sentimita moja ya ngozi, chini yake ni mfereji unaopita kwenye mafuta, kwenye utando mgumu unaobeba ukuta wa tumbo, hadi ndani kabisa. Kwa mtu mnene mfereji huo hufika sentimita tano na kuzidi. Ngozi ya juu hujiziba ndani ya saa 24 hadi 48. Mfereji huchukua wiki kadhaa. Vyote vinavyouzwa famasi hufanya kazi kwenye ile sentimita ya juu tu, na ukilielewa hilo utaokoa pesa nyingi.

Gozi tasa na plasta ya karatasi: 5/5

Gozi ya sentimita 10 kwa 10 iliyofungwa kwenye pakiti tasa, yaani isiyo na kijidudu, ikunjwe mara mbili, ishikwe na plasta ya karatasi yenye upana wa sentimita 2.5. Kwa matundu manne pakiti kumi zinatosha na kubaki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba kidonda kilichoshonwa hakihitaji vifuniko vya kisasa vya bei kubwa, vikiwemo vile vyenye madini ya fedha, kwa lengo la kuzuia maambukizi. Kifuniko cha kawaida kinatosha. Muuzaji akikuonyesha boksi la kung'aa, mshukuru na uchukue gozi.

Plasta nyeupe ya kitambaa, ile ngumu ya zamani inayokatwa kwa mkasi, tunaipa 2. Inashika sana, na kwenye joto la Dar au Mombasa jasho hukwama chini yake mpaka ngozi ikavimba na kuwa nyeupe kama vidole vilivyokaa majini. Isitoshe, wengi huibandika vibaya. Huibana upande mmoja, wakaivuta ikakaza, ndipo wakaibana upande wa pili. Plasta iliyovutwa hutaka kurudi katika urefu wake, na tumbo baada ya laparoskopi huwa bado limejaa kidogo, hivyo ngozi iliyo kwenye ncha za plasta hukokotwa siku nzima. Siku ya pili unaona malengelenge mawili, moja kila ncha, na mgonjwa anasema kidonda kimeshika vijidudu. Kidonda ni kizima. Kilichoumia ni ngozi ya pembeni. Bandika kuanzia katikati, ukilaza kwenda nje bila kuvuta. Kuitoa, lowesha kwa maji ya chumvi, ikunje irudi juu ya mgongo wake yenyewe na uivute taratibu kuelekea kwenye kidonda. Ukivuta kutoka kidondani kwenda nje unafungua mshono.

Gozi ya kwanza iliyowekwa chumba cha upasuaji iache saa 48 isipokuwa imelowa. Doa la damu iliyochanganyika na maji, la ukubwa wa sarafu, ni la kawaida. Ikilowa damu mbichi, bonyeza kwa kiganja dakika kumi mfululizo bila kuchungulia kila dakika. Isipokoma, rudi hospitali. Baada ya saa 48, kama pamekauka, gozi haina kazi tena zaidi ya kuzuia nguo isikwaruze. Kubadilisha gozi mara tatu kwa siku kwenye kidonda kikavu ni kukipelekea vidole mara tatu kwa siku.

Pamba usiiweke juu ya kidonda kabisa. Nyuzi zake hubaki ndani ya mshono na mwili hupigana nazo kama kitu kigeni.

Plasta angavu isiyopitisha maji: 4/5 ubavuni, 1/5 kitovuni

Kwa matundu ya ubavuni ni nzuri: unaona kinachoendelea bila kufungua, na maji ya kuoga hupita juu yake. Hukaa siku kadhaa, hata wiki, ikibandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta wala nywele. Anayetaka kutia udhu au kuoga kabla ya saa 48 kwisha, hii ndiyo ya kununua. Baada ya hapo maji yanayotiririka hayana shida hata bila plasta. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Beseni la kukalia, bwawa na bahari vingoje wiki mbili na mpaka pasiwepo sehemu yoyote iliyo wazi.

Kitovuni mambo ni mengine. Kitovu ni shimo. Plasta angavu huwambwa juu yake kama ngozi ya ngoma, jasho na majimaji hujaa chini, na siku ya tatu kuna harufu. Tundu la kitovu ndilo linaloongoza kwa matatizo kwa sababu hizo: ni kubwa kuliko mengine, uchafu wa kitovu ulikuwepo tangu kabla ya upasuaji, na mara nyingi ndipo kifuko cha nyongo au kidole tumbo hutolewa nje. Madaktari wengine hujaza kibonge cha gozi ndani ya kitovu ili kikandamize damu na maji visijikusanye. Kibonge hicho ni cha siku moja au mbili. Uliza kabla hujaondoka wodini kama kimo, na kitoke lini; kikisahaulika wiki nzima huoza na kunuka, watu wakadhani tumbo limeoza. Kwa kitovu tumia gozi iliyokunjwa pembe, isiyobana, na uhakikishe kitovu kinakauka kila baada ya kuoga. Kijiti chenye pamba, kilicholoweshwa na maji ya chumvi, kizungushwe ukingoni tu. Usikisukume ndani ya mshono.

Gundi ya ngozi na vibandiko vyembamba

Hivi viwili huchagui wewe, huchaguliwa na daktari mwishoni mwa upasuaji. Ila kosa hufanyika nyumbani.

Gundi ya ngozi, kama Dermabond, ni sianoakrileti iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili. Hukauka ndani ya dakika chache na kubaki utando mgumu unaong'aa, kisha hubanduka yenyewe kati ya siku ya 5 na ya 10. Adui yake ni mafuta. Vaselini, krimu ya antibiotiki, mafuta ya nazi, vyote huilainisha ikatoka kabla ya wakati. Usiibandikie plasta juu pia, maana siku ya kuitoa plasta utaing'oa na gundi. Na gundi ya fundi viatu, ile ya "supa gluu", haina undugu na hii hata kama jina la kemikali linakaribiana: hutoa joto inapokauka na huunguza nyama.

Baadhi ya watu huwa na mzio wa gundi. Siku kadhaa baadaye, au hata wiki ya pili, hutokea vipele vidogo vinavyowasha, na ukitazama vizuri vinafuata mpaka wa mahali gundi ilipopita. Mzio huwasha, maambukizi huuma. Mzio hutokea kwenye matundu yote yaliyopakwa gundi kwa pamoja, maambukizi kwa kawaida huchagua tundu moja. Dawa yake ni kuondolewa gundi na kupewa krimu ya steroidi kwa maelekezo ya daktari. Antibiotiki za kumeza hazisaidii kitu hapo.

Vibandiko vyembamba vya aina ya Steri-Strip, vingi vikiwa na upana wa milimita 6, viache vianguke vyenyewe. Ncha zikijikunja zipunguze kwa mkasi. Vikifika siku ya 14 bado vimeng'ang'ania, vilowe bafuni na vitoke kwa upole. Nyuzi za nailoni au hariri hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Zile zinazoyeyuka hazitolewi, lakini zina tabia yake: wiki ya tatu hadi ya nane fundo hujitokeza, likaonekana kama chunusi yenye kichwa cheupe na uzi katikati. Nesi hulikata kwa mkasi safi na pakapona. Usivute mwenyewe kwa kucha, kwani uzi uliokatikia ndani hubaki ukichokoza.

Vimiminika: hapa ndipo pesa hupotea

Maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, chupa ya mililita 500: 5/5. Ukikosa, chemsha lita moja ya maji, tia gramu 9 za chumvi, ambazo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, funika yapoe. Tumia siku hiyo hiyo, yanayobaki mwaga. Baada ya saa 48 hata maji safi ya kunywa yanatosha kusafishia.

Ayodini, yaani povidoni-ayodini ya asilimia 10: 2/5. Kazi yake kubwa ilikwisha kwenye meza ya upasuaji. Inafaa kupaka ngozi nzima kabla ya kutoa nyuzi, ikiachwa dakika mbili ikauke, maana inaua vijidudu wakati inakauka. Kuimimina kila asubuhi ndani ya tundu lililofunguka ni kuunguza chembe changa zinazojaribu kuziba. Mwenye ugonjwa wa tezi la shingo, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza.

Spiriti ya asilimia 70: 3/5 kwa mikono na ngozi ya pembeni, 0/5 ndani ya kidonda. Ule mwasho unaosifiwa kuwa "inafanya kazi" ni nyama inaungua.

Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: 0/5, na hii tunaikemea waziwazi. Povu lile linawavutia watu, lakini povu hutokea kwa sababu damu na nyama zina kimeng'enya kinachoivunja dawa kuwa maji na oksijeni. Itatoa povu hata pasipo kijidudu hata kimoja. Kwenye mkwaruzo wa goti hasara yake ni ndogo. Kwenye tundu la troka ni jambo jingine: mdomo ni mwembamba, mfereji ni mrefu. Mtu akiivuta kwa sirinji na kuisukuma ndani, oksijeni inayozalishwa haina pa kutokea. Huweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuziba mzunguko. Kumetokea vifo kwa namna hii pale dawa ilipotiwa kwenye matundu yaliyofungika.

Dawa ya zambarau haiui mtu, lakini hufunika kila kitu kwa rangi yake, na rangi ya ngozi ndiyo ushahidi wenyewe unaouhitaji. Unga wa kapsuli za rangi mbili, uliofunguliwa na kunyunyizwa, huganda kama saruji juu ya mdomo wa tundu. Usaha uliotaka kutoka hurudi ndani. Kapsuli si tasa, dozi haijulikani, na ngozi hupata mzio. Krimu ya antibiotiki kwenye mshono mkavu haina inachokitibu.

Asali tunaiheshimu. Ile ya hospitali, iliyopigwa mionzi kuua mbegu za vijidudu, husaidia kidonda kilichofunguka na chenye uteute. Ya chupa ya sokoni inaweza kubeba mbegu hizo, na kwenye mshono uliofunga huita tu sisimizi.

Kisha kuna antibiotiki za kumeza za siku saba "kwa tahadhari". Mwongozo ule ule wa 2016 unapinga kuendeleza antibiotiki za kinga baada ya upasuaji kwisha. Kama umepewa kwa sababu nyongo ilikuwa na usaha au kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, hayo ni matibabu, zimalize. Kama hakuna sababu hiyo, uliza ni za nini.

Kipimajoto: 5/5, na ndicho kinachosahaulika

Cha dijitali, cha bei ya kawaida kabisa, kina thamani kuliko chupa zote zilizotajwa. Pima asubuhi na jioni kwa siku kumi. Nyuzi joto 38 na zaidi ni sababu ya kupiga simu hospitali.

Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauji mbele: ngozi huwa nyeusi zaidi au kama zambarau, hung'aa kana kwamba imepakwa mafuta, na ukigusa ni ngumu. Tumia mgongo wa mkono. Gusa ngozi ya kando ya tundu, kisha gusa umbali wa kiganja kimoja, linganisha joto. Chora mpaka wa sehemu yenye joto kwa kalamu, andika saa. Mpaka ukivukwa jioni ile ile, usingoje kesho. Picha ya simu inayopigwa kila siku dirishani, saa ile ile na mwanga ule ule, humsaidia daktari kuliko maelezo ya "kilikuwa kizuri jana".

Siku zina mambo yake. Siku ya kwanza na ya pili bega la kulia huuma. Ni gesi ya kabonidayoksaidi iliyotumika kujaza tumbo, imeuchokoza msuli wa kupumulia, na maumivu yanasikika begani. Ngozi ikilia kama karatasi ukiibonyeza, ni gesi hiyo hiyo chini ya ngozi. Hunywewa na mwili siku moja mbili, ila mwenye kupumua kwa shida arudi hapo hapo. Vilio vya damu, yaani madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi, karibu na tundu la ubavuni huteremka kufuata uzito na kugeuka kijani kisha njano. Vikiwa vinapanuka na mgonjwa anazunguzwa kichwa, mshipa wa ukuta wa tumbo unavuja ndani. Uvimbe laini wenye majimaji ya njano maangavu ni maji yaliyojikusanya, na mara nyingi hukauka bila kutobolewa. Sindano ya nyumbani ndiyo hulileta jipu. Maambukizi ya kawaida huja siku ya 4 hadi ya 10: maumivu yanayorudi baada ya kupungua, joto, usaha. Tiba yake ni kufunguliwa mdomo wa tundu, usaha utoke na pasafishwe kila siku. Kufunika kwa plasta nzuri zaidi hakusaidii.

Kuna mambo manne ambayo hayangoji zamu ya kliniki: tundu linalotoa maji ya kijani-njano kama nyongo, linalotoa kitu chenye harufu ya choo, maumivu ya tumbo zima yanayoongezeka siku baada ya siku badala ya kupungua, na uvimbe mgumu kwenye tundu pamoja na kutapika na kukosa kutoa hewa kwa njia ya haja kubwa. Huo wa mwisho huweza kuwa utumbo ulionaswa ndani ya tundu la troka, na unahesabiwa kwa saa.

Mkanda wa tumbo: 3/5

Unapunguza maumivu ya kukohoa na kuamka kitandani, na kwa hilo unastahili bei yake. Kuzuia ngiri ni madai ya kwenye boksi. Ngiri ya tundu huzuiwa na daktari anapoushona ule utando mgumu kwenye matundu ya milimita 10 na kuzidi, nawe unaposaidia kwa kutonyanyua vizito. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Kwa wiki za mwanzo kikomo kinachopendekezwa na wengi ni kama kilo 5, yaani kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita tano basi. Wiki tatu baada ya upasuaji kovu lina kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi nzima, hata kama kwa nje limekwisha pona.

Vaa mkanda juu ya fulana ya pamba, vidole viwili vipite chini yake, vua wakati wa kulala. Chagua mpana usioishia juu ya kitovu, kwa sababu ukingo wake hukwaruza tundu lile lile lenye shida. Na kwa wa pwani: kama upasuaji ulikuwa wa mimba iliyotunga nje au wa kufunga kizazi, bibi akaja na ndoo ya maji ya moto, kitambaa na kanga ya kumfunga mwanamwali wake tumbo kama aliyejifungua, mwambieni kwa adabu, "Shikamoo bibi, safari hii hatukandi." Joto na mkandamizo juu ya matundu mabichi hufungua mishono na kuleta damu.

Kisichouzwa famasi: usafi wa vyombo

Kuna tatizo moja ambalo hakuna mfuko wa famasi unaoweza kuliondoa. Tundu limepona, mgonjwa amerudi kazini, na wiki ya nne hivi linaota kinundu kigumu, kisicho na joto sana. Kinapasuka, kinatoa maji mepesi, kinaziba, kinapasuka tena. Homa hakuna. Antibiotiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna mabadiliko. Hapo watu huanza kusema amerogwa, au daktari kasahau kitu tumboni. Mara nyingi ni bakteria wa jamaa ya kifua kikuu wanaoishi majini, Mycobacterium chelonae, fortuitum na abscessus, na pengine ni kifua kikuu chenyewe. Huja na vyombo.

Vyombo vya laparoskopi ni virefu, vina mabomba ndani na maungio, na baadhi havivumilii mvuke wa moto, hivyo hospitali huviloweka kwenye glutaraldehaidi, kemikali ya kuulia vijidudu, ya asilimia 2. Dakika 20 za kuloweka huua vijidudu vingi, lakini utasa kamili unahitaji saa 10. Chombo kisipofunguliwa vipande na kusuguliwa kwanza, damu iliyoganda ndani huwakinga bakteria. Kikisuuzwa kwa maji ya bomba badala ya maji tasa, hupewa bakteria wapya dakika ya mwisho kabla ya kuingia tumboni. Rio de Janeiro, mwaka 2006 na 2007, mamia ya wagonjwa wa upasuaji wa kamera walipata maambukizi ya aina hii, na bakteria waliokutwa walistahimili glutaraldehaidi ya nguvu hiyo.

Kwa hiyo unapochagua hospitali, uliza kabla ya kulipa. Je, vyombo vinapita kwenye mashine ya mvuke, kwa mfano nyuzi 121 au 134, au vinalowekwa? Vikilowekwa, ni kwa muda gani na vinasuuzwa kwa maji gani? Nyongo inatolewa ndani ya mfuko? Si lazima uwe mfuko wa bei. Wapo madaktari wanaotumia glovu tasa iliyofungwa vidole, na inafanya kazi ile ile: nyongo yenye usaha haigusi ukuta wa kitovu wakati inavutwa nje. Hospitali inayojibu bila kukasirika inapata alama kabla hujaona chumba chake.

Ukiwa tayari na kinundu cha wiki ya nne, dai kipimo cha kuotesha usaha au kipande cha nyama, na utaje wazi kwamba unataka watafute bakteria hao na kifua kikuu, kwa sababu kipimo cha kawaida hakiwaoni. Matibabu ni ya miezi, mara nyingi klarithromaisini pamoja na dawa nyingine, na wakati mwingine mfereji wote hukatwa ukatolewa.

Jeli ya silikoni: 4/5, kwa wenye kovu linaloota

Ununuzi wa mwisho, na usiufanye kabla tundu halijafunga kabisa, kama wiki ya pili au ya tatu. Mwenye historia ya makovu yanayovimba kifuani au masikioni amwambie daktari kabla ya upasuaji. Bapa za silikoni hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, huoshwa kwa sabuni na kubandikwa tena, kwa miezi miwili hadi mitatu. Ubavuni zinakaa. Kitovuni hazikai hata siku, hivyo huko nunua jeli ya bomba: tone dogo mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu, lisambazwe liwe jembamba kiasi cha kukauka ndani ya dakika chache. Likibaki linanata, umepaka nyingi. Kovu likianza kuota nje ya mipaka ya tundu, jeli imeshindwa. Sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa daktari wa ngozi inafaa kuliko bomba la pili.